Kuvuja na Kuvunjika

Mashindano mashuhuri ya mwanzo ya kuteremka mlima kwa baiskeli yalipata jina lake kutokana na grisi. Tarehe 21 Oktoba 1976, vijana wachache wa Marin County, kaskazini mwa San Francisco, walishindana kuteremka barabara ya vumbi karibu na mji mdogo wa Fairfax. Baiskeli zao nyingi zilikuwa Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, vyuma vizito vilivyofufuliwa kutoka mabanda ya watu, vyenye breki ya nyuma inayokamata pale mtu anapokanyaga pedeli kinyumenyume. Mteremko ulikuwa mkali kiasi kwamba joto la breki liliiunguza grisi yote iliyokuwamo ndani ya kitovu cha gurudumu. Walifika chini moshi ukifuka, na kabla ya kupanda tena ilibidi kitovu kifunguliwe, kisafishwe, kijazwe grisi mpya. Kule kujaza upya, kwa Kiingereza, ndiko kulikoyapa mashindano jina la Repack. Gary Fisher, Joe Breeze na Charlie Kelly, ambao leo wamo katika kila historia ya baiskeli za milimani, walitokea katika vumbi hilo.

Mchezo huu basi haukuzaliwa dukani. Ulizaliwa na watu waliochukua kitu kilichokwisha kupitwa na wakati, chenye umri wa miaka arubaini, wakakubali masharti yake, kwamba kila kikishushwa lazima kifunguliwe. Leo mwenye baiskeli ya milimani akiipeleka katika duka la London au Toronto shokapu ya mbele iliyoundwa miaka 15 au 20 iliyopita, mara nyingi ataambiwa kwa upole kwamba haina haja ya kuhangaikiwa. Pengine ni kweli. Lakini je, ana wajibu wowote wa kuihangaikia? Na kama upo, anadaiwa na nani: na kitu chenyewe, na nafsi yake, na dunia, au na mtu mwingine ambaye bado hajamjua?

Kiswahili kina neno linalosaidia kuianza hoja, ingawa wenye lugha hulitumia bila kulitazama. Kutengeneza ni kuunda kitu ambacho hakikuwapo. Na kutengeneza ni kukirudisha katika hali yake kitu kilichoharibika. Kiwanda kinatengeneza baiskeli, na fundi wa chini ya mwembe naye anatengeneza baiskeli. Neno limetoka katika kutengenea, yaani kukaa sawa, kuwa katika hali inayofaa. Kutengeneza ni kukifanya kitu kikae sawa, na lugha haijali kama ni mara ya kwanza au ya ishirini. Si vizuri kulitwika neno moja falsafa nzima, kwani kila lugha ina maneno ya namna hiyo na wasemaji wake hawawi wenye hekima kwa sababu hiyo tu. Hata hivyo neno hili linaonyesha njia. Ikiwa kuunda na kurekebisha ni tendo moja lililokatwa katikati na wakati, basi aliyeunda kitu kisha akaacha kukitolea vipuri hakumaliza kukitengeneza. Amekiacha njiani, na mtu mwingine lazima aamue kama atakichukua kutoka pale kilipoachwa.

Shokapu ya baiskeli si kitu cha kale. Mwaka 1989 Paul Turner, mtu aliyetoka katika ulimwengu wa pikipiki, alianzisha kampuni ya RockShox. Mwaka uliofuata, katika mashindano rasmi ya kwanza ya dunia ya baiskeli za milimani huko Durango, Colorado, Greg Herbold alishinda mbio za kuteremka akiwa na shokapu ya kampuni hiyo, iliyobonyea kwa kiasi cha sentimita 5 tu. Tangu hapo zimerefuka, zimenenepa, zimekuwa nyepesi, lakini umbo la msingi ni lilelile. Mirija miwili ya juu, kwa kawaida ya alumini iliyong'arishwa na kutiwa ngozi ngumu, inateleza ndani ya miguu miwili ya chini kama upanga ndani ya ala. Miguu hiyo ya chini ni ya magnesi, madini mepesi yanayoogopa chumvi. Katika mguu mmoja mna springi, ama ya chuma ama ya hewa iliyobanwa. Katika mwingine mna kizuizi cha mafuta, ambacho kazi yake ni kuyalazimisha mafuta yapite katika vitundu vidogo ili springi isirushe usukani kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Juu ya kila ala mna sili ya mpira inayofuta vumbi, chini yake pete ya sifongo iliyolowa mafuta, na ndani zaidi bushi mbili ambazo mrija hupita juu yake. Mafuta ya kulainisha yaliyomo ndani ya miguu ya chini ni machache mno: katika aina nyingi hayazidi vijiko vitatu vya chai kwa kila mguu.

Vijiko hivyo vitatu ndivyo vyenye kesi. Kila mrija unapoingia na kutoka, sili huacha punje chache za vumbi zipite, na mafuta machache yapotee. Pete ya sifongo hukauka. Vumbi lililoingia linaungana na mafuta yaliyobaki na kuwa uji wa kusagia, na uji huo unaanza kuila ngozi ya mrija kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki. RockShox hutaka miguu ya chini ifunguliwe na kusafishwa kila baada ya saa 50 za kuendesha. Fox husema saa 125 au mara moja kwa mwaka. Wachache wanatii. Sababu si uvivu peke yake. Shokapu iliyopuuzwa haipigi kelele. Inakuwa nzito kidogo leo, nzito kidogo mwezi ujao, na mwendeshaji naye anazoea, akidhani njia ndiyo iliyoharibika.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema wahenga, na methali hiyo ni ya kweli kwa kuta. Inachukulia kwamba ufa umeonekana, na kwamba aliyeuona ni mvivu. Lakini uharibifu mwingi wa maana katika maisha ya vitu, na labda ya watu, haukupita mbele ya mtu akaupuuza. Ulikuwa ndani ya ala. Wajibu wa kutunza kitu cha namna hii hauwezi kungoja dalili, maana dalili ikishatokea, yaani mrija ukishavuliwa ngozi na rangi ya madini ikaonekana kama kiraka, hakuna mafuta yatakayoirudisha. Ni wajibu wa kuchungulia bila kuitwa. Katika hilo unafanana zaidi na kumjulia hali mzee anayesema kila siku kwamba hajambo.

Kazi yenyewe si ngumu kama maduka yanavyoifanya ionekane, ila ina adabu zake. Kwanza hewa yote hutolewa, baada ya kipimo chake kuandikwa, kwa sababu shokapu yenye hewa iliyonaswa ni bunduki. Bolti mbili za chini hulegezwa mizunguko michache, zisitolewe bado, kisha hugongwa kwa nyundo ya plastiki hadi fimbo za ndani ziachie. Ndipo bolti zinatoka na mafuta ya zamani yanadondoka katika beseni. Hapa shokapu husema kweli kwa mara ya kwanza. Mafuta yakitoka na rangi yake, ilitunzwa. Yakitoka ya kijivu kama maji ya saruji, mtu amechelewa. Yakitoka meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na yapo tangu zamani. Yasipotoka kabisa, basi kwa muda usiojulikana chuma kimekuwa kikisugua chuma. Sili za zamani huchomolewa kwa wenzo uliofungwa kitambaa, kwani ukingo wa magnesi ukichubuliwa hata sili mpya haitakaa. Ndani hufutwa kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe. Pete za sifongo huloweshwa, sili mpya husukumwa kwa usawa, na mafuta mapya hupimwa kwa bomba la sindano. Washa ndogo za chini hubadilishwa, zisipobadilishwa zitavuja. Bolti hukazwa kwa kiasi, takriban nyutoni-mita 7, kiasi kinachomshangaza mtu mwenye mkono mzito.

Hata ununuzi wa mafuta una mtego wake. Chupa huandikwa namba, 5 au 10 au 15, na mtu hudhani namba hizo ni kipimo, kama lita au kilo. Sivyo. Mafuta ya namba 5 ya kampuni moja yanaweza kuwa mazito kama ya namba 10 ya kampuni nyingine. Kipimo cha kweli cha uzito wa mtiririko huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya chupa, au hakiandikwi. Fundi aliyezoea shokapu za kisasa, ambazo kitabu chake kinataja jina la chupa, hupotea hapa kwa urahisi. Fundi wa shokapu kuukuu hujifunza kutoamini jina.

Tatizo kubwa zaidi ni vipuri. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na hakuna biashara iliyoielewa methali hii kama biashara ya baiskeli. Katika muda wa miaka michache, magurudumu ya inchi 26 yaliyotawala tangu enzi za Marin yaliachwa kwa ajili ya 29 na 27.5. Shina la shokapu lililokuwa na unene mmoja wa inchi 1⅛ toka juu hadi chini likafanywa pana kwa chini, inchi 1.5. Ekseli ya milimita 9 ikawa ya 15, upana wa kitovu ukatoka milimita 100 ukaenda 110. Kila badiliko lilikuwa na hoja yake ya kiufundi, na nyingine ni hoja nzuri. Gurudumu kubwa kwa kweli huvuka mawe vizuri zaidi. Lakini jumla yake ni kwamba shokapu ya kisasa haiingii katika fremu ya zamani, wala gurudumu la zamani haliingii katika shokapu ya kisasa. Shokapu moja ikifa, fremu nzima na magurudumu mazima, yasiyo na dosari yoyote, hufa pamoja nayo kama watumwa wa mfalme waliozikwa na bwana wao. Mwenye bahati ni yule ambaye mirija yake ina kipenyo cha milimita 32, kilichotumika miaka mingi, maana sili zake bado zinauzwa, na hata viwanda visivyohusika na shokapu yenyewe huzitoa.

Serikali zimeanza kuiona hali hii, ila kwa vitu vingine. Tangu Julai 2021 kanuni za Uingereza zinawataka watengenezaji wa friji, televisheni, mashine za kufulia na za kuoshea vyombo wahakikishe vipuri vinapatikana kwa miaka kadhaa. Shokapu ya baiskeli haimo katika orodha hiyo. Pengine ni haki isiwemo. Nguo zikikosa kufuliwa ni shida ya nyumba nzima, baiskeli ya kuchezea milimani ikikosa springi ni huzuni ya mtu mmoja. Lakini swali la kimaadili halingoji sheria, wala halipungui kwa sababu kitu ni cha starehe.

Kuna wanaolijibu kwa kusema kwamba mtu anawajibika kwa kitu chenyewe. Jibu hili lina mvuto, hasa kwa aliyewahi kuitenganisha shokapu na kuona jinsi watu fulani, mahali fulani, walivyofikiria kila pete yake. Lakini kitu hakidai. Chuma hakina uchungu. Wengine husema anawajibika kwa dunia, na hapo neno la Kiswahili ni israfu, ambalo waliolelewa pwani walilisikia kabla ya kujua kusoma, juu ya punje za wali zilizoachwa sahanini. Kutupa shokapu nzima kwa sababu ya pete mbili za mpira ni israfu, bila shaka. Tatizo ni kwamba kutengeneza nako kunaweza kuwa israfu. Yuko mtu anayenunua shokapu tatu zilizokufa ili afufue moja, akaagiza sili kwa ndege kutoka bara jingine, akaiweka ukutani kama saa ya babu, asiipande. Huyo hakuokoa kitu. Amenunua hisia ya kuwa mwangalifu, kwa bei iliyozidi ile ya shokapu mpya. Na yako maswali ambayo wanafalsafa wanayapenda kuliko mafundi: Plutarch alisimulia juu ya merikebu ya Theseus iliyobadilishwa ubao mmoja mmoja hadi watu wakagombana kama ni ileile. Shokapu iliyobadilishwa sili, bushi, kizuizi na mirija, je, ni ileile? Anayetaka kuipanda kesho asubuhi hana haja ya jibu. Anataka kujua kama itambeba.

Hapo ndipo wajibu unapopata mwenyewe. Shokapu ni kati ya sehemu chache za baiskeli ambazo zikikatika ghafla, mtu huanguka kwa uso. Mnyororo ukikatika, mwendeshaji husukuma hadi nyumbani. Tairi likipasuka, mara nyingi huyumba akasimama. Shina la shokapu likivunjika chini ya usukani, hakuna muda wa kuyumba. Kwa hiyo anayeitengeneza, hata akiwa peke yake bandani usiku, anashika mkononi meno na shingo ya mtu, awe yeye mwenyewe, mwanawe, au mnunuzi asiyemjua.

Robert Pirsig, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya Zen na matengenezo ya pikipiki, ana kisa cha usukani uliolegea. Msimulizi anapendekeza ubanwe kwa kipande cha bati kilichokatwa kutoka kopo la bia, na rafiki yake mwenye pikipiki ya BMW anachukizwa kwamba mashine ya thamani itiwe takataka. Pirsig anautetea ubunifu wake, na utetezi wake ni mzuri: bati la alumini ni laini na halishiki kutu, hakuna kitu bora kwa kazi ile. Mafundi wa Afrika Mashariki wangemwelewa mara moja, kwani wamefanya hivyo maisha yao yote kwa mpira wa tairi, waya na kipande cha kandambili. Lakini kukisifu kipaji cha kubuni kipuri, na kumcheka anayetaka kile cha dukani, hakumalizi suala. Ubunifu una mpaka, na Kiswahili kimeutenganisha mpaka huo kwa herufi moja: kuna mahali ambapo kosa linavuja, na kuna mahali ambapo kosa linavunja.

Pete ya sifongo iliyokatwa nyumbani, sili iliyotafutwa kwa vipimo vyake katika duka la vipuri vya mashine, mkwaruzo mdogo wa mrija uliozibwa kwa rangi ya kucha na kusuguliwa kwa msasa laini hadi ukucha usiuhisi: haya yote yakishindwa, yatavuja. Mafuta yatachafua tairi, springi itapoteza hewa, mtu atakasirika na kuanza upya. Hapa ubunifu ni halali, na hata ni fahari. Lakini shina linalolia pale lilipopachikwa kwa kugandamizwa katika bega la shokapu; ufa mwembamba kama unywele juu ya magnesi karibu na ekseli; magnesi iliyoliwa na chumvi hadi ikaota vipele vyeupe vinavyomomonyoka; hayo yakishindwa, yatavunja. Hayana gundi, hayana kulehemu kwa nyumbani, hayana bolti ya kuongeza. La kuvunda halina ubani. Katikati ya mipaka hiyo miwili mna nchi yenye ukungu, kama vile bushi zilizolika, ambazo hutambulika kwa kubana breki ya mbele na kuitikisa baiskeli huku kidole kikiwa kwenye mwungano wa mrija na ala. Mgongo mdogo ukisikika, wengine husema inaendesheka bado mwaka mmoja. Pengine. Bushi mpya zinahitaji zana maalumu za kuzisukuma na kuzipanua, na kwa shokapu nyingi za zamani hazipatikani tena. Anayesema mwaka mmoja ajiulize kama angemwambia hivyo mtoto wake.

Kinachofanya uamuzi huu uwe mgumu si upungufu wa elimu. Ni jasho. Mtu aliyekwisha kutumia jioni tatu, akasafisha kila tundu, akangoja sili wiki mbili, na ndipo katika kufuta mara ya mwisho akauona ule unywele juu ya magnesi, huyo anajaribiwa na kazi yake mwenyewe. Jasho lake linamhonga jicho lake. Ataufuta tena ule mstari, akisema ni rangi tu iliyokwaruzika. Ataugeuzia kwenye kivuli. Pirsig na waliomfuata wameandika kwa ufasaha jinsi kazi ya mikono inavyomjenga anayeifanya, utulivu wake, umakini wake, heshima yake kwa ukweli wa vitu. Hawakukosea. Ila kazi hiyohiyo ndiyo inayozalisha upofu wa aina yake, na fundi anayejua sana yuko hatarini zaidi kuliko asiyejua, kwa kuwa ana hoja nyingi zaidi za kujidanganyia.

Na mara nyingi shokapu haibaki kwake. Baiskeli zilizochoka huko Ulaya huuzwa kwa jirani, kisha kwa mwanafunzi, kisha hukusanywa na mashirika ya hisani na wafanyabiashara, zikapakiwa katika makontena, na nyingi hushushwa katika bandari za Afrika. Kwenye safu za baiskeli za mtumba mjini Dar es Salaam shokapu za mbele ni jambo la kawaida, ingawa nyingi zimeshikamana kwa kutu zisibonyee kabisa, na mnunuzi anazihesabu kama urembo tu. Nani aliyezifungua mara ya mwisho? Katika Sahihi Muslim imepokewa habari ya Mtume alipopita sokoni, akaingiza mkono katika lundo la chakula akakuta chini limelowa. Mwenye mali alisema kwamba lilinyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini hakukiweka kilicholowa juu, watu wakione. Muuzaji yule hakuilowesha mali yake kwa makusudi. Mvua ilikuwa ya Mungu. Alichokifanya ni kuliacha lundo likae jinsi linavyopendeza. Anayeifuta shokapu kwa nje hadi ing'ae, akaiuza bila kusema kwamba hajaifungua tangu aipate, amekaa palepale alipokaa yule muuzaji, na maji, kwa namna ya kustaajabisha, yamo mahali palepale.

Si lazima kila anayetoa baiskeli aifungue. Anachodaiwa ni kidogo zaidi na kigumu zaidi: aseme. Mabwana wa zamani wa pwani waliita kitu cha namna hii amana, kilicho mikononi mwa mtu bila kuwa mwisho wake ni yeye. Kipimo cha amana ni hali ambayo kitu kitampata nayo atakayekipokea, hata kama mwekaji alikipenda sana.

Wapo waliolijibu swali hili kwa kuiondoa shokapu kabisa. F. K. Day ni mmoja wa waasisi wa SRAM, kampuni ya Chicago ambayo tangu mwaka 2002 ndiyo inayoimiliki RockShox. Mwaka 2005 yeye na mkewe, Leah Missbach Day, walianzisha World Bicycle Relief, na baiskeli ya shirika hilo, iitwayo Buffalo, sasa inabeba wanafunzi, wauguzi na madumu ya maziwa katika vijiji vya Zambia, Malawi, Kenya na kwingineko. Ni ya chuma, nzito, ina kibebeo cha kuchukua kilo 100. Haina shokapu. Tangu mwanzo breki yake ilikuwa ile ya kukanyaga kinyumenyume, jamii ya ile iliyounguza grisi pale Fairfax, na shirika likafundisha mafundi wa kuitunza papo hapo vijijini. Mtu aliyeuza shokapu kwa maelfu alipotakiwa kufikiria baiskeli itakayodumu mbali na duka, alichagua vitu ambavyo fundi anaweza kuviona. Haina maana kwamba shokapu ni dhambi. Ina maana kwamba kila kinachofichwa ndani ya ala kinamhitaji mtu atakayekuwa tayari kukifungua, na pasipokuwa na mtu huyo ni bora kisiwepo.

Kwa shokapu ambayo mtu huyo amekuwapo, akaifungua, akaona ule unywele, akauhamisha kwenye mwanga badala ya kivuli, kazi iliyobaki ni ya dakika chache. Mafundi waangalifu hawaitupi shokapu mbovu ikiwa nzima, kwa sababu wanajua kuna mtu atakayepita jalalani akafurahi. Huibana katika jiriwa na kulikata shina kwa msumeno wa chuma, karibu kabisa na bega, mahali ambapo hakuna wa kuliunga tena. Mafuta humiminwa katika dumu la mafuta machafu, alumini na magnesi hutenganishwa kwa ajili ya wanaokusanya vyuma. Valvu, bolti, kirungu cha kurekebishia mwendo na springi, kama ni nzima, hutiwa katika kopo lenye kifuniko, na juu yake huandikwa jina la shokapu na mwaka wake, ili mwenye nyingine ya aina ile, akija kuulizia, avikute.